Ufunguo wa Chumba Namba Tisa

Nilikuwa Ohio, kwenye kituo cha malori, napekua koti nikitafuta sarafu za mashine ya kufulia, mkono ukagusa kitu kizito kwenye mfuko wa ndani.

Ufunguo.

Si zile kadi za siku hizi. Ufunguo wa chuma hasa, wenye meno, umefungwa kwenye kibao cha plastiki ya kijani chenye pembe nne kama kishada. Upande mmoja namba 9. Upande wa pili maandishi yaliyochakaa yanamwomba aliyeuokota autumbukize kwenye sanduku lolote la posta. Stempu watalipa wenyewe.

Nilipaswa kuuacha kaunta ya moteli asubuhi ile nilipoondoka. Sasa ni wiki ya sita, nimepita masanduku ya posta ya majimbo manane, na ufunguo bado uko kwenye kishikio cha kikombe, unagongagonga kila tairi likikanyaga kiraka cha lami. Mke wangu anasema nimekuwa mwizi. Huenda. Ila kinachonikosesha usingizi si ufunguo wenyewe.

## Maji ya moto yapo

Ilikuwa Januari. Hita ya kebini ilikata roho nikiwa Cecil County, Maryland, na saa zangu 11 za kuendesha zilikuwa zimekwisha. Wenzangu wa usukani mnajua: kile kikompyuta cha kwenye dashibodi hakina huruma wala hakipokei maelezo. Kulala ndani ya lori kwenye baridi ile kulikuwa kujitafutia jeneza. Nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikatembea kandokando ya Route 40 nikifuata taa nyekundu.

Taa ikawa ya moteli. Jengo la chini, limepinda kama herufi L, kila mlango unatazama nafasi yake ya kuegesha gari. Herufi mbili za neoni zimekufa. Chini yake kibao kinatangaza kwamba vyumbani mna televisheni ya rangi, kama vile habari hiyo imeingia jana.

Naingia ofisini huku naongea na mke wangu kwa simu. Namwambia nimepata kimoteli cha zamani, sijui hata kama kina maji ya moto.

"Maji ya moto yapo," sauti ikajibu nyuma ya kaunta. "Ila uyaache yatiririke kwanza. Bomba za zamani hizi."

Mzee wa Kihindi, sweta mbili, kofia ya sufu. Nilisahau simu sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga!" Akavua miwani. "Mimi Moshi. Kuzaliwa Moshi, kusoma Moshi, duka la baba Moshi."

Ofisi ilinukia iliki. Pembeni alikaa mzee mwingine, Mzungu, jirani anayekuja kuota hita na kunywa kahawa ya bure. Alipoona tumechangamka naye akataka kuingia. Akanionyesha picha ya rangi iliyofifia ukutani: moteli hii hii enzi zake, magari yenye mikia kama papa, viti vya chuma vyekundu mbele ya kila mlango. Akanisimulia barabara ilivyokuwa, foleni ya magari usiku kucha, migahawa kila baada ya maili chache. Siku zile, akasema, kila mtu alikaribishwa.

Mzee wa Moshi hakujibu. Alikuwa anaandika risiti, taratibu.

Jirani alipoondoka, akanisogezea ufunguo juu ya kaunta na kusema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka sitini na moja, mimi na wewe tungelala garini."

Kisha akauliza: "Tanga upande gani?"

"Mjini. Flati ya Msajili."

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Na yeye hakuhitaji.

"Aa," akasema. "Msajili."

Akafunga kitabu cha wageni.

## Nyembe ukutani

Chumba namba 9 kilikuwa na vigae vya waridi bafuni, na kifungulio cha soda kimepigiliwa skrubu kando ya mlango wa choo. Ndani ya kabati la dawa, nyuma ya kioo, palikuwa na mpasuo mwembamba wa chuma. Nikautazama muda mrefu ndipo nikaelewa: ni wa nyembe. Mgeni akimaliza kunyoa, anachomeka wembe kwenye mpasuo, unaangukia ndani ya ukuta. Basi. Hakuna aliyepanga utoke.

Nililala nikijua kwamba ndani ya ukuta ule kuna lundo la nyembe zenye kutu, za wanaume waliopita hapa wakienda Baltimore kuuza bima au vyerehani. Kila mmoja aliacha kitu humo. Na mimi nilijua, kwa lile neno la mzee, ni wanaume wa aina gani.

Kabla ya usiku ule nilikuwa nikiyapenda magofu haya, niseme ukweli. Lori linakupa muda mwingi wa kutazama. Wengi wanaijua Route 66, ile ya kutoka Chicago hadi California iliyofunguliwa 1926 na kufutwa rasmi 1985, yenye moteli za umbo la hema la Wahindi Wekundu na watalii wakijipiga picha. Mimi hupenda zile ambazo hakuna anayezipiga picha. Bwawa la kuogelea lililojazwa udongo na kuota majani. Mgahawa uliogeuzwa duka la mazulia lakini paa bado linasema ulikuwa nini.

Hasa yale mapaa ya rangi ya chungwa.

## Paa la chungwa

Howard Deering Johnson, mwenye mapaa hayo, alianza na duka la dawa lenye kaunta ya soda mjini Quincy, Massachusetts, mwaka 1925. Aliuza aiskrimu yenye mafuta mengi ya maziwa kuliko za wengine, mwishowe ladha 28. Hakuwa na fedha ya kujenga migahawa mingi, kwa hiyo mwaka 1935 akampa mtu mwingine ruhusa ya kujenga kwa jina lake na paa lake, huko Cape Cod, mradi chakula kinunuliwe kwake. Mwaka 1940 akaingia kwenye barabara mpya ya kulipia ya Pennsylvania. Vita ikaja, petroli ikawa ya mgao, migahawa ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Amani iliporudi, nayo ikarudi kwa kishindo.

Kwetu hoteli ni pa kula, na pa kulala ni gesti. Ukimwambia mtu wa Korogwe umelala hotelini anaweza kudhani ulizidiwa na ubwabwa. Howard Johnson naye alianza hivyo hivyo, kula kwanza. Moteli yake ya kwanza ilifunguliwa Savannah, Georgia, mwaka 1954. Miaka ya sabini jina lake lilikuwa juu ya migahawa takriban 1,000.

Aliuza nini hasa? Aliuza kutoshangazwa. Dereva na familia yake, katika mji wasioujua, wanaona paa la chungwa kutoka mbali na tayari wanajua kome wa kukaanga watakuwa na ladha gani, choo kitakuwa safi kiasi gani. Chakula kilipikwa kwenye majiko makuu, kikagandishwa, kikasambazwa. Mwaka 1960 kampuni iliajiri wapishi Wafaransa kusimamia hayo. Mmoja, Jacques Pépin, alikataa kazi ya kumpikia Kennedy Ikulu akaenda kupika supu ya Howard Johnson's kwa mapipa.

Mimi nimekulia kwenye mabasi ya Tanga na Dar, ambako kusimama njiani ni konda kugonga bodi na kutangaza dakika kumi, za kula na kuchimba dawa, na muuza mayai anakufuata dirishani na kichupa cha pilipili. Kwa mtu wa namna hiyo, wazo kwamba mlango wa njiani unaweza kukuahidi kitu na kukitimiza lilikuwa la ajabu na zuri. Ndiyo maana niliyapenda yale mapaa.

Ahadi ile ilikuwa na maandishi madogo.

## Glasi ya juisi

Oktoba 1957, Ghana ikiwa na miezi saba ya uhuru, waziri wake wa fedha Komla Gbedemah alikuwa safarini kutoka New York kwenda Washington. Akasimama Howard Johnson's ya Dover, Delaware, akaagiza juisi ya machungwa. Akaambiwa atapewa aende nayo, kukaa haruhusiwi. Akajitambulisha. Haikusaidia. Akalipa, akaiacha juisi pale pale. Alikumbusha baadaye kwamba makamu wa rais wa Marekani, Nixon, alikuwa mgeni wake Ghana miezi michache tu nyuma. Rais Eisenhower akamwita Ikulu, wakanywa chai ya asubuhi pamoja.

Miaka mitatu na nusu baadaye, Aprili 1961, chini ya paa la rangi ile ile huko Hagerstown, Maryland, mwanadiplomasia wa Sierra Leone, William Fitzjohn, naye akanyimwa chakula. Naye akaalikwa Ikulu. Ukiyaweka pamoja unaona utaratibu wenyewe: ukinyimwa juisi barabarani, unapewa Ikulu. Ila uwe waziri.

Mwezi Juni ikawa zamu ya balozi wa Chad, Adam Malick Sow. Hiyo ilikuwa Route 40, kusini kidogo ya pale nilipolala. Alitaka kahawa.

Nchi 17 za Afrika zilikuwa zimepata uhuru mwaka 1960 pekee. Umoja wa Mataifa uko New York, balozi ziko Washington, na kati yake barabara ilikuwa hii. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi mitano na ushee. Serikali ya Kennedy ikawa na kazi ya kuwabembeleza wenye migahawa ya Maryland kwamba Warusi wanatazama. Mtu wa wizara ya mambo ya nje, Pedro Sanjuan, alipita mlango kwa mlango akiomba.

Agosti ile, waandishi watatu weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore wakakodi limuzini na mavazi ya fahari, wakajifanya wakubwa wa nchi inayoitwa Goban. Nchi hiyo haipo. Wakapita migahawa ya Route 40. Wakahudumiwa, kwa heshima tele, pale ambapo Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtaa wa pili asingehudumiwa.

Niliposoma hilo kwenye simu, nimeegesha mahali fulani Pennsylvania, nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijitambua. Ningekuwa mimi mwaka ule, lafudhi yangu ingenisaidia. Ningevaa kanzu na koti na kofia ya kiua na kuongea Kiswahili kwa sauti, na kahawa ingekuja. Na yule Mweusi wa Baltimore nyuma yangu angeendelea kusimama.

Wamarekani weusi walichimba dawa pia, ila si kwa sababu konda amechelewa. Familia zilifungasha kuku wa kukaanga na kubeba kopo ndani ya gari, kwa kuwa hakuna mlango wa choo ambao ungefunguka. Mpeleka barua aliyeishi Harlem, Victor Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kinachoorodhesha mahali ambapo mtu mweusi anaweza kulala, kula na kutia petroli bila kudhalilishwa. Kiliendelea kutoka hadi miaka ya sitini. Moja ya moteli zilizoorodheshwa ilikuwa Lorraine, Memphis. Chumba namba 306 cha Lorraine kila mtu anakijua. Martin Luther King, aliyepigwa risasi akiwa amesimama roshani yake Aprili 4, 1968, alikuwa amekwishaishinda sheria iliyomfungia milango mingine yote.

## Milango ilipofunguka

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki kadhaa.

Shirika la CORE, la kutetea haki za weusi, lilitangaza msafara wa maandamano kwenye Route 40 Novemba 11, 1961. Kabla ya siku kufika, migahawa zaidi ya 30 ikakubali kuhudumia watu wote, msafara ukaahirishwa. Waliobaki wakagoma, maandamano yakaendelea. Maryland ikatunga sheria yake 1963, ikiziacha nje baadhi ya kaunti. Sheria ya nchi nzima ikaja Julai 1964. Moteli moja ya Atlanta yenye vyumba 216 ikaenda mahakamani kudai haki ya kuchagua wageni, na Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya nchi ikaitupa hoja yake.

Sawa. Sasa tazama tarehe nyingine. Novemba 14, 1963, Kennedy alifika mpaka wa Maryland na Delaware kufungua barabara kuu mpya, leo I-95, inayokwenda sambamba na Route 40. Siku nane baadaye aliuawa. Barabara ikapewa jina lake. Magari yakahama. Si yote, si siku moja, lakini yakahama.

Kwa hiyo milango ya Route 40 ilifunguka kwetu wakati wageni wengine walipokuwa wanatoka kwa mlango wa mbele.

Nilitaka kuandika hapo kwamba ilikuwa hila. Haikuwa. Mtandao wa barabara hizo ulipangwa tangu sheria ya 1956, na wahandisi hawakuwa na habari na kahawa ya balozi wa Chad. Ni sadfa tu. Lakini sadfa za namna hii mbona zina mazoea?

Moteli zilizobaki bila magari zikawa za bei rahisi. Nani atanunua biashara inayokufa? Mtu ambaye hana pengine. Familia za Kigujarati zilikuwa zimeanza zamani kidogo huko California, na miaka ya sabini zikaingia kwa wingi: wengine moja kwa moja kutoka India, wengine wamefukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, wengine kutoka Kenya, Zambia, kwetu. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Moteli ni nyumba na kazi kwa pamoja. Unalala nyuma ya kaunta, mke anafua mashuka, watoto wanatandika vitanda baada ya shule, mshahara humlipi mtu. Makampuni mengine ya bima yakawakataa. Washindani wakatundika vibao kwamba moteli yao inamilikiwa na Wamarekani, yaani usilale kwa jirani. Leo inakadiriwa karibu nusu ya moteli za nchi hii ziko mikononi mwa watu wenye asili ya India.

Paa la chungwa halikupata wa kulirithi namna hiyo. Kampuni iliuzwa kwa Waingereza 1979, ikauzwa tena 1985, ikakatwa vipande. Mgahawa wa mwisho, Lake George, New York, ulifunga 2022. Jina limebaki kwenye hoteli za kulala tu.

## Chai ya asubuhi

Asubuhi mzee alinipa chai ya maziwa kwenye glasi. Theluji ilikuwa imesimama. Tuliongea Kiswahili cha kwake, cha Moshi ya zamani, chenye maneno ambayo mimi nayasikia kwa mama tu. Binti yake mfamasia, kijana wake yuko kwenye kompyuta. Hakuna anayetaka moteli. Amepata mnunuzi anayetaka kiwanja, si jengo.

Nikamwambia picha ya ukutani ni nzuri.

"Ilikuwepo nilipokuja. Sikuitoa," akasema. Halafu, akitazama nje: "Baba alijenga Moshi, ghorofa mbili. Amemaliza hamsini na nane. Kakaa humo miaka kumi na tatu."

Hakuongeza neno. Fundi wa hita akapiga simu kwamba amefika kwenye lori, nikashukuru, nikatoka mbio, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Hesabu niliifanya nikiwa kwenye daraja la Susquehanna. Hamsini na nane, jumlisha kumi na tatu. Aprili 1971: sheria ya kutwaa majengo, yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Msajili wa Majumba ndiye aliyekabidhiwa na kuyapangisha.

Nimelelewa nikiamini ile ilikuwa haki, na sehemu kubwa yangu bado inaamini. Baba alikuwa karani wa reli. Bila Msajili tusingeishi mjini maisha yetu. Nyumba za mjini zilikuwa za watu wachache wa rangi moja, na mtu mweusi alizipita akielekea Ngamiani. Lakini nilijua pia jirani yule Mzungu alivyosema siku zile kila mtu alikaribishwa, na jinsi alivyosema bila kuona haya, kwa kuwa kwake ilikuwa kweli. Mimi nimesema mara ngapi, kwa sauti ile ile, kwamba tulikulia flati nzuri, ya ghorofa ya pili, yenye roshani ya kutazama bahari?

Wiki iliyopita nilimpigia mama. Nikamuuliza nani alikaa kabla yetu.

"Wahindi," akasema. "Nani mwingine?"

"Unawakumbuka?"

"Tuliwakuta wameshaondoka." Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. "Unaikumbuka ile fremu ya mlango wa jikoni? Ile tuliyokuwa tunawapimia urefu?"

Naikumbuka. Mistari ya penseli, majina yetu, tarehe.

"Ile mistari ya chini haikuwa yenu," mama akasema. "Ilikuwa na maandishi yao. Baba yako alipaka rangi nyumba nzima, pale akaparuka. Akasema si inasomeka bado, tuanzie hapo hapo."

Nilikaa kimya na simu. Mama akauliza huyo mzee wa moteli anaitwa nani, na nyumba yao Moshi ilikuwa mtaa gani, maana ana shoga yake huko anaweza kwenda kuitazama kama bado ipo.

Sikuwa nimemuuliza.

Alhamisi nina mzigo wa Baltimore. Nimemwomba dispacha anipe saa mbili za ziada, nimemwambia nina kitu cha kurudisha. Nitashuka I-95 kabla ya mto.